Malkia wa Kuagiza Mbali, au wa Kulea Wenyewe?

Mzee mshauri, shikamoo.

Huu ni mwaka wangu wa sita katika ufugaji wa nyuki. Nina mizinga 22 katika manzuki yangu, lakini ninapoandika barua hii mizinga 14 tu ndiyo yenye nyuki, kwa kuwa minane iliyobaki ilihamwa maua yalipokwisha. Mambo mawili yananisumbua, nayo ni huko kuhama pamoja na ukali. Mzinga wangu namba 7 umefikia mahali ambapo nikigusa tu kifuniko, nyuki humiminika na kunifuata hadi mlangoni mwa nyumba, ilhali huo huo ndio unaonipa asali nyingi kuliko mingine yote, na kwa sababu hiyo sijapata moyo wa kumwondoa malkia wake.

Tuko wafugaji kumi katika kikundi chetu, na amejitokeza mtu aliye tayari kutuletea kutoka nje malkia wa nyuki wa Kitaliano na wa Kaniola, ambao tunaambiwa ni wapole kiasi cha mtu kufungua mzinga bila glavu. Mwenzetu mmoja alikwisha kuwajaribu. Alinunua malkia sita kwa mwuzaji mmoja, wakaja katika vizimba vidogo, kila mmoja na nyuki vibarua (majike wafanyakazi wa mzinga) wachache wa kumlisha njiani. Siku ya tatu baada ya kuwaingiza mizingani nilikuwa naye alipofungua. Tulikuta fundo la nyuki lenye ukubwa wa ngumi sakafuni mwa mzinga, na tulipolitawanya kwa moshi tukamwona malkia katikati, amekwisha kufa na mabawa yake yametafunwa. Wanne walikufa kwa namna hiyo. Wa tano alitaga majuma machache, kisha kundi lote likahama. Wa sita alikubaliwa, na ni kweli nilishuhudia kwa macho yangu nyuki wake wakiwa wametulia juu ya sega kama hawajaguswa. Hata hivyo, mwaka mmoja baadaye mzinga huo ulikuwa mkali sawa na mingine, na malkia aliyekuwamo hakuwa na alama ya rangi aliyokuja nayo. Mwuzaji anasema kosa ni letu, kwamba malkia hununuliwa upya kila mwaka.

Wenzangu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami ndiye peke yangu ninayesita. Naomba unieleze kama tuagize au tulee malkia wetu wenyewe, na ikiwa ni kulea, mtu asiye na maabara wala vifaa vya pekee aanzie wapi.

Mfugaji anayesita

*

Marahaba, mwanangu.

Kusita kwako ni kwa haki, na nitakujibu waziwazi tangu mwanzo: msiagize. Nitaeleza kwa kuanzia na mzinga ule wa sita wa mwenzenu, kwa sababu habari yote imo ndani yake.

Malkia aliyekubaliwa na akataga vizuri alikuwa mpole kwa uzao wake, na vibarua wake walikuwa wapole kwa sababu mama yao na baba zao walikuwa wa ukoo huo huo wa mbali. Kisha, kama inavyotokea katika mizinga mingi bila mfugaji kujua, nyuki walimbadilisha. Walilea binti yake, naye alipofikisha umri wa siku tano au sita akatoka kwenda kujamiiana angani. Malkia hufanya safari hiyo mara chache tu katika maisha yake yote, akakutana na madume kati ya 10 na 20, na mbegu anazorudi nazo huziweka katika mfuko mdogo tumboni mwake na kuzitumia mpaka mwisho wa uhai wake. Madume aliowakuta binti yule huko juu walikuwa wa kwenu. Basi vibarua waliozaliwa mwaka wa pili walikuwa chotara, na chotara wa koo zilizo mbali sana mara nyingi huwa wakali kuliko koo zote mbili walizotoka. Upole mlioushuhudia ulidumu kwa muda ule ule aliodumu malkia mwenye alama, ukaondoka naye. Mwuzaji anaposema kwamba malkia hununuliwa upya kila mwaka anasema kweli. Asichowaambia ni kwamba mnaingia katika utegemezi usiokuwa na mwisho, kwa kuwa angani kwenu kutaendelea kuwa na madume wale wale.

Liko jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawalifikirii, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Nyuki dume hutoka katika yai lisilorutubishwa, hana baba, na kila alichorithi amekipata kwa mama yake. Maana yake ni kwamba malkia wa kigeni, hata kama amejamiiana na madume wa kwenu, hutoa madume walio wageni halisi tangu siku ya kwanza, na madume hao hawabaki kwenye mzinga wake. Huruka kilomita kadhaa kwenda mahali ambapo madume wa mizinga mbalimbali hukutana, na huko huwapata mabinti wa malkia wa jirani ambaye hakuwahi kuulizwa kama anataka damu hiyo. Kwa hiyo watu kumi mkiagiza, mmeamua kwa niaba ya kila mwenye mzinga katika eneo lote, pamoja na nyuki wa porini wanaoishi kwenye mapango ya miti.

Historia imetuonyesha uamuzi wa namna hiyo unakofika. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia kutoka Afrika, kwa nia njema ya kupata nyuki wanaozalisha vizuri katika nchi za joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Uzao wao uliwameza nyuki wa asili ya Ulaya waliokuwa wakifugwa huko tangu karne ya 19, ukapanda kaskazini nchi baada ya nchi, na kufikia mwaka 1990 ulikuwa umeingia Texas. Nataka ulitazame tukio hilo kwa upande unaowahusu ninyi: nyuki wapole wa Ulaya walikuwapo kwa wingi, lakini katika maeneo ya joto upole wao haukustahimili mchanganyiko. Kama walimezwa wakiwa wengi kiasi hicho, malkia wenu kumi au ishirini wataachaje kumezwa?

Wala ugeni si lazima uvuke bahari. Mwaka 1990 huko Afrika Kusini wafugaji walihamisha mizinga ya nyuki wa Rasi kutoka kusini kwenda kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, waliko nyuki wa savana. Vibarua wa nyuki wa Rasi wana uwezo usio wa kawaida, kwani hutaga mayai yasiyorutubishwa ambayo hutoa majike badala ya madume. Waliingia katika makundi ya savana, wakataga humo bila kwenda malishoni, na makundi yaliyowapokea yakadhoofika na kufa kwa maelfu. Hakuna aliyekusudia madhara. Walihamisha nyuki tu, kama inavyofanywa siku zote.

Nije kwenye magonjwa. Utitiri wa varoa ulikuwa wa nyuki wa Asia, ambao wamezoeana nao, na ulimvamia nyuki wetu wa asali baada ya binadamu kuwaweka pamoja. Ulitambuliwa Marekani mwaka 1987, Uingereza mwaka 1992, New Zealand mwaka 2000, na mwaka 2022 ukathibitishwa hata Australia, nchi yenye ukaguzi mkali mipakani. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeorodhesha maradhi na wadudu sita wa nyuki wanaopaswa kutolewa taarifa, na baadhi yao, pamoja na virusi visivyoonekana kwa macho, huweza kusafiri na malkia mmoja na vibarua wake ndani ya kizimba kinachoenea kiganjani. Ndiyo maana katika Umoja wa Ulaya malkia anayetoka nje akifika huhamishiwa kizimba kipya, na kile cha zamani pamoja na vibarua waliomsindikiza hupelekwa maabara kuchunguzwa. Muulizeni huyo anayejitolea kuwaletea: ana kibali cha kuingiza nyuki nchini, na cheti cha afya kilichotolewa na mamlaka ya mifugo ya huko wanakotoka? Asipokuwa navyo, mazungumzo yaishie hapo hapo, kwa sababu hasara ya ugonjwa mpya haitalipwa na yeye.

Sitaki uone kwamba nawapinga wageni kwa kuwa ni wageni. Mtawa Adam wa abasia ya Buckfast nchini Uingereza aliona mwaka 1916 makundi 30 kati ya 46 ya abasia yao yakifa kwa maradhi, na 16 yaliyopona yalikuwa ya Kitaliano au yenye damu ya Kitaliano. Hapo mgeni alikuja na mwenyeji akapona kweli. Lakini angalia kilichofuata: kuanzia mwaka 1925 alikuwa na kituo cha kujamiishia malkia katika nyika ya Dartmoor, mbali na mizinga ya watu wengine, na akaendelea kuchagua na kuandika kumbukumbu kwa maisha yake yote. Aliyatawala madume. Ninyi hamna kisiwa wala nyika tupu, na asiyeweza kuyatawala madume hawezi kuitunza damu aliyoinunua.

Tena upo ushahidi wa upande wa pili. Kati ya mwaka 2009 na 2012 watafiti wa Ulaya waliweka makundi 621 ya asili 16 katika nchi 11, bila kuyatibu varoa, wakayaacha yaonyeshe ustahimilivu wake. Makundi yaliyokuwa katika eneo la asili yake yaliishi kwa wastani siku 83 zaidi ya yaliyotoka kwingine. Hao wote walikuwa nyuki wa Ulaya, na walihamishwa ndani ya Ulaya tu.

Kuhusu wale malkia wanne waliouawa, fundo mliloliona ndiyo namna ya vibarua ya kumkataa mama asiyekuwa na harufu wanayoijua. Pengine mizinga ilikuwa na vyumba vya kulelea malkia mpya vilivyoanza kujengwa, pengine vizimba vilifunguliwa mapema mno. Safari nayo hudhuru, kwa maana malkia akipata joto la nyuzi 40 au baridi ya nyuzi 5 za Selsiasi kwa saa chache tu, mbegu alizobeba hufa kwa wingi, ingawa yeye mwenyewe hufika akitembea vizuri. Na lile kundi lililohama lisikushangaze. Nyuki wa maeneo ya joto huhama chakula kinapokwisha, au wanaposumbuliwa na siafu, jua kali na mikono ya mfugaji, nao wamepona kwa vizazi kwa sababu ya kuhama. Mizinga yako minane iliachwa maua yalipokwisha, kwa hiyo msimu ujao waachie asali ya kutosha, weka kivuli na maji karibu, na usifungue mizinga bila sababu katika miezi hiyo. Malkia wa Kitaliano angebaki na kufa njaa humo.

Sasa nikujibu swali la kulea, ambalo ndilo nilipenda kulifikia. Maabara haihitajiki, chukua daftari. Kila unapofungua mizinga, fungua kwa saa ile ile na kwa kiasi kile kile cha moshi, uandike kwa kila mmoja mambo manne: umefuatwa hatua ngapi ulipoondoka, majana, yaani watoto wa nyuki walio vyumbani, yamejaa sega au yana matundu matundu, asali ni kiasi gani, na kundi limekaa mzingani kwa misimu mingapi. Usilinganishe mzinga uliofunguliwa siku ya jua na mwingine wa siku ya mawingu. Ukiwa na misimu miwili ya maandishi, majina ya malkia wazuri watatu au wanne yatajitokeza yenyewe, nami naamini utakuta mmoja wao umekuwa ukimpita kila siku kwa kuwa ametulia na hakupi cha kukumbuka.

Subiri wakati wa maua, na uanze pale tu unapoona madume waliokomaa wakitembea juu ya masega, kwa sababu dume huchukua siku 24 tangu yai hadi kutoka na takriban siku 12 nyingine kabla hajaweza kujamiiana. Weka sega jipya tupu katikati ya majana ya malkia uliyemchagua. Baada ya siku tano hivi litoe kwa taratibu, ligeuzie jua lipite juu ya bega lako, na utazame ndani ya vyumba. Yai ni kijiti cheupe kilichosimama. Buu unayemtafuta ni yule aliyetoka yaini ndani ya siku moja iliyopita, amelala juu ya tone la maziwa ya nyuki, mdogo kama alama ya koma, na wakati mwingine utamtambua kwa mng'aro wa maziwa hayo kabla hujamwona mwenyewe. Aliyekwisha kujikunja na kujaza chumba amechelewa, kwani akilelewa kuwa malkia atakuwa mdogo na mtagaji hafifu. Kata ukingo wa chini wa sega kwa kisu chenye ncha kali ili mabuu wale wachanga wabaki pembezoni, mahali ambapo vibarua wana nafasi ya kujenga kwenda chini.

Siku hiyo hiyo uwe na kundi lenye nguvu ambalo malkia wake umemhamishia katika mzinga mdogo pamoja na masega mawili ya nyuki. Masega yote ya kundi hilo yenye mayai au majana yasiyofunikwa wape mizinga mingine, ubakize yaliyofunikwa, asali na chavua, ili wasiwe na mabuu wengine wa kulea isipokuwa wale uliowachagua. Wapachikie sega ulilolikata. Siku ya tano utakuta vyumba vya malkia vimeshafunikwa, vinaning'inia kama karanga zenye maganda. Siku ya 9 au ya 10 vikate pamoja na kipande cha nta juu yake, bila kuvitikisa wala kuvilaza, na kila kimoja ukipe mzinga mdogo wenye sega la majana, sega la asali na nyuki wa kutosha kulifunika. Usichelewe, kwa kuwa malkia atakayetangulia kutoka atawaua wenzake waliobaki vyumbani. Kuanzia hapo usiufungue mzinga kwa majuma mawili.

Neno moja la tahadhari: usilee mabinti wote kwa mama mmoja kila mwaka, hata akiwa mzuri namna gani. Nyuki wakizaana ndani ya ukoo mmoja, sehemu ya mayai hutoa madume wasiofaa ambao vibarua huwala wakingali wachanga, na majana hubaki na matundu. Hapa ndipo kikundi chenu kina thamani kuliko malkia wowote wa kuagiza. Watu kumi wakichagua kila mmoja mizinga yake miwili bora, wakabadilishana masega yenye mabuu wachanga kutoka mizinga iliyokaguliwa na kuonekana haina ugonjwa, mtakuwa na koo 20 za kuchagulia, na baada ya misimu michache hata madume walioko angani kwenu watakuwa wana wa malkia mliowachagua.

Nimebakiza mzinga wako namba 7. Kabla ya kumhukumu malkia, hakikisha hauko kando ya njia ya watu au mifugo na kwamba huufungui mchana wa jua kali. Ukiwa umeyarekebisha hayo na ukali ukabaki, mwondoe malkia huyo. Asali yake haitokani na ukali wake. Huenda inatokana na ukubwa wa kundi na kukaa kwake misimu mingi bila kuhama. Kwanza kata majana yake ya madume kabla hawajatoka, maana hao ndio wanaopeleka ukali kwenye mizinga yako mingine. Kisha, siku ambayo nyuki wengi wako malishoni, ubebe mzinga huo hatua 20 kutoka mahali pake na uweke pale pa zamani mzinga mtupu wenye sega moja. Nyuki wakubwa, ambao ndio wanaouma, watarudi pale walipozoea, na ndani ya mzinga uliohamishwa watabaki wachanga watulivu wakati unapomtafuta malkia. Ukishamwondoa, unganisha pande zote mbili jioni, na kesho yake wape chumba cha malkia kilichokomaa kutoka kwa yule mama uliyemchagua. Usitegemee upole kabla ya majuma manane tangu malkia mpya aanze kutaga, kwa sababu mabinti wa malkia wa zamani wataendelea kutoka na kuishi humo kwa muda.

Malkia mpya akitoka vizuri, mayai yake utayaona ndani ya majuma mawili hadi matatu. Usipoyaona ifikapo siku ya 25, liunganishe kundi hilo na jingine lenye malkia kabla vibarua hawajaanza kutaga wenyewe. Wakianza, utakuta mayai mawili au matatu ndani ya chumba kimoja, na kundi lililofika hapo hukataa karibu kila malkia utakayelipa.